Wazamiaji wa ziwani: mngetaka watengenezaji wa vifaa na wenye kozi wabadilishe nini kwanza?

#1 Ouma wa Dunga
Wakuu, hamjambo. Nina swali ambalo limenikaa muda mrefu, na humu najua kuna watu wa kulijibu.

Fungua kitabu chochote cha kozi ya kupiga mbizi. Utamkuta mtu yuko baharini, maji maangavu, samaki wa rangi wanampita usoni. Vifaa navyo vimetengenezwa kwa ajili ya mtu huyo huyo. Sisi wa ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, tunashuka kwenye maji ya kijani ambako ukinyoosha mkono vidole vinapotea. Na hatushuki kutalii. Tunakagua nyavu za vizimba vya samaki, tunanasua propela zilizojiviringisha kamba, tunasafisha midomo ya mabomba ya maji, na siku ikiharibika tunamtafuta mtoto wa watu.

Kama ungepewa nafasi ya kuwaambia wenye hii biashara wabadilishe jambo moja, ungewaambia lipi?

Naanza. Nataka geji ya presha inayosomeka kwa kidole. Ukiwa chini ya kizimba na tope limetibuka, taa haisaidii, inakurudishia mwanga machoni tu. Mimi huibana geji kwenye kioo cha maski mpaka vigusane ndipo nauona mshale, na wakati huo mkono mmoja umeshika wavu. Saa za wasioona zina alama za kupapasa tangu zamani. Zipo kompyuta za mbizi zinazotetema mkononi, lakini bei yake ni ya kununulia mtumbwi. Nani aliamua kwamba mzamiaji lazima aone ndipo ajue amebakisha hewa kiasi gani?

#2 Fundi wa Kibuye
Spea. Hata sihitaji kufikiri.

Regyuleta, ile inayoshusha presha ya mtungi ili uweze kupumua, inatakiwa ifunguliwe na kusafishwa kila mwaka, au nyingine kila baada ya mbizi 100. Ndani kuna oringi (pete za mpira za kuziba), chujio, kiti cha vali, pistoni au diaframu. Spea zote za kubadilisha zinajaa kiganja kimoja. Lakini makampuni mengi hayamuuzii mtu pakiti hiyo mpaka awe fundi aliyepita kozi yao na duka lake limesajiliwa nao. Mimi nimefungua injini za boti na pampu za dizeli tangu nikiwa kijana. Nina geji ya kupimia presha ya kati. Nikiifunga nikaona mshale umefika bar 9 au 10 ukatulia, najua hatua ya kwanza, ile inayokaa kwenye mtungi, ni nzima. Nikiona unapanda polepole bila kutulia, najua kiti kimeliwa. Kujua si tatizo. Kiti kipya ndicho sina.

Basi mteja anaifunga kwenye sanduku, inasafiri hadi Pwani, inakaa huko wiki na wiki. Kazi ya kizimba haisubiri wiki. Anaazima nyingine au anashuka na ile ile inayovuja.

#3 Mjomba Kilifi
Salamu kutoka Pwani. @Fundi wa Kibuye, hilo lina sababu yake. Mzamiaji akifa Marekani, wakili wa familia anashtaki kila mtu: mtengenezaji, duka, mkufunzi, mpaka aliyekaza ile oringi. Makampuni yanaogopa. Usipouza spea ovyo, una la kumwambia jaji.

Halafu niulize kwa heshima, nyinyi mnashuka huko kuona nini hasa? Mbuta (sangara) mmemaliza kumla kwenye sahani, sasa mnamfuata nyumbani kwake?

#4 Fundi wa Kibuye
@Mjomba Kilifi breki za matatu zikikataa wanakufa watu 14 kwa mpigo, na pedi za breki anauziwa yeyote mwenye pesa. Hoja ya mawakili nimeisikia sana. Mimi naona ni duka linalinda duka.

#5 Nyar Mbita
Mjomba karibu Mbita, nitakuonyesha tunachokiona. Kwa kugusa.

Yangu ni suti na jaketi za kuelea zinazomtosha mwanamke wa huku. Nafanya kazi kwenye vizimba vikubwa vya mviringo upande wa Rusinga. Suti zinazoagizwa ni za kiume, au zikiwa za kike zimekatwa kwa kipimo cha mwili mwembamba mrefu. Mimi nina nyonga na nina kifua. Nikivaa ya kiume, kiunoni inabana na mgongoni inabaki na mfuko, maji yanaingia na kutoka kila ninapojikunja. Ziwa letu si la barafu, ni nyuzi 25 hivi, lakini kaa chini saa nzima uone. Jaketi nayo ikijaa hewa inanipanda hadi masikioni kwa sababu mkanda wa tumboni haushiki. Hilo ni usalama, si urembo.

Na kichocho. Suti ya mpira inapunguza ngozi iliyo wazi, haizuii. Tunameza dawa za prazikwanteli na kurudi majini. Suti kavu, isiyoingiza maji kabisa, yenye kofia ingefaa, ila zilizopo ni za watu wa maji baridi. Kwa joto la huku utaiva ukiwa bado mashuani. Nipeni suti kavu nyepesi ya ziwa la joto, kwa bei inayolipika, nitawaombea kila Jumapili.

#6 Dereva wa Homa Bay
Nafuatilia. Nyar Mbita umenena.

#7 Mwalimu wa Maseno
Uzi mzuri. Mimi nitasema la mwinuko, maana naona wengi wanalipita.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kawaida ya kupiga mbizi, yale ya kukuambia ukae chini muda gani kwa kila kina, yanafaa hadi mita 300 tu. Ukipita hapo lazima usahihishe. Kisumu hewa inatukandamiza kwa karibu 0.87 ya ile ya Mombasa, na kinachohesabika kwa mapovu ya nitrojeni yanayotokea mwilini ukipanda ni uwiano kati ya presha ya chini na presha unayoirudia juu. Juu kwetu ni pepesi zaidi. Kwa hiyo mita 18 za hapa, kwenye jedwali uzisome kama karibu 21.

Kuna jingine. Geji za kina za mshale hazianzi kusogea mpaka ushuke zaidi ya mita moja, kwa sababu zimewekwa sifuri kwa hewa ya baharini. Inakuambia 12 na wewe uko 13 na kitu.

Na hili la mwinuko, kozi nyingi wanaliuza kama somo la ziada unalolilipia baadaye. Kwa mtu wa Malindi, sawa. Kwa mtu wa Kisumu, Naivasha au Nakuru, hilo ni somo la siku ya kwanza. Naivasha wako karibu mita 1,880, hao hawana hata mbizi moja ya kawaida maishani mwao. Ombi langu ni kozi ifundishwe kulingana na maji ambayo mwanafunzi atayazamia.

#8 Mhandisi wa Milimani
@Mwalimu wa Maseno marekebisho kidogo. Maji ya ziwa hayana chumvi, ni mepesi kuliko ya bahari kwa asilimia 2 hadi 3. Ukiyaingiza kwenye hesabu, 18 zako zinakuwa kama 20, si 21.

#9 Mwalimu wa Maseno
Kweli, asante. Ila ukisoma jedwali unapanda hadi safu inayofuata, si unarudi pale pale 21? Mimi huwafundisha vijana waache faida ya maji matamu iwe akiba.

#10 Kijana wa Lanet
Hamjambo wote. Niko Nakuru lakini kazi zangu nyingi ziko ziwani kwenu. Nimeona mwinuko umetajwa, kwa hiyo nina swali ambalo halijawahi kunitoka.

Mwaka jana tulikuwa na kazi ya nanga za vizimba. Nanga ziko chini, maboya yako juu, unapanda na kushuka kutwa, kila mara dakika chache. Kina ni kama mita 15. Tulimaliza mchana, nikaoga, nikala, nikapanda matatu ya jioni kurudi nyumbani. Tulipopita Londiani bega la kushoto likaanza kuuma ndani kwa ndani, kama jino. Mau Summit lilikuwa limezidi. Nikifika Nakuru limepungua, asubuhi limebaki zito tu. Hospitali niliyokwenda waliniuliza kama nililalia vibaya, wakanipa dawa ya maumivu. Sijui mpaka leo lilikuwa nini.

Ninachotaka kutoka kwa hii biashara: mtu anifundishe kuhusu barabara. Vitabu vyote vinasema usipande ndege baada ya kuzamia. Hakuna kilichoniambia habari ya matatu.

#11 Fundi wa Kibuye
Pole sana. Lakini bega la kushoto si ndilo la kubebea mtungi? Mtungi wa alumini wa lita 11 na vali yake ni kilo 15 na zaidi. Ukiuinua kwenye mashua kutwa, bega litalalamika hata ukiwa Kisumu.

#12 Mwalimu wa Maseno
Mimi nahofia nitrojeni. Hesabu yenyewe ni hii. Mau Summit ni zaidi ya mita 2,400. Ndege ya abiria hewa yake ya ndani huwekwa isizidi mwinuko wa kama mita 2,400. Kwa hiyo matatu yako, ndugu yangu, kwa mwili wako ilikuwa ndege.

#13 Mhandisi wa Milimani
Tusitishane. Aliyezamia Diani akapanda ndege ametoka presha kamili. Huyu ametoka 0.87, mwili wake ulishazoea. Kutoka Kisumu hadi Mau Summit ni uwiano ule ule wa kutoka baharini hadi kama mita 1,300. Si ndege kamili.

Lakini mita 1,300 nazo si mchezo. Ushauri wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima, 18 baada ya mbizi nyingi, na zaidi ya hapo kama ulilazimika kusimama njiani kupunguza nitrojeni. Na ushauri huo unahesabu kuanzia mwinuko wa kama mita 600. Kwa hiyo jioni ile ile haikufaa. Anayezamia Diani asubuhi akapanda treni ya mchana kuja Nairobi naye yuko kwenye kundi hilo, na sijaona tangazo lolote stesheni.

#14 Ouma wa Dunga
@Kijana wa Lanet mbona mnaisahau ile panda shuka yenyewe? Hata bila barabara, kupanda na kushuka mara nyingi namna hiyo ni balaa. Unapopanda, mapovu madogo yanaanza. Unaposhuka tena unayafinya, yanapita kwenye mapafu ambako yangechujwa, yanaingia kwenye damu inayosambaa mwilini.

#15 Mwalimu wa Maseno
Ouma amegusa penyewe. Wazamiaji wa mashamba ya samaki kule Tasmania na Scotland waliumia kwa namna hii hii, mpaka ikabidi ufanyike utafiti kuhusu kazi zao. Hilo ndilo ombi langu la pili: kompyuta ya mbizi iwe na hali maalumu ya mtu wa vizimba. Zilizopo zinamhesabia mtu anayeshuka mara moja, anatembea, anapanda. Hata za bei kubwa.

#16 Nesi wa Kakamega
Jamani, mnabishana juu ya bega la mtu. Inaweza kuwa nitrojeni, inaweza kuwa msuli, inaweza kuwa vyote viwili pamoja na kukosa maji mwilini. Hakuna anayeweza kusema kwa kusoma humu. Kinachojulikana ni hiki: maumivu ya kiungo ndani ya saa 24 baada ya kuzamia yachukuliwe kuwa ya mbizi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Oksijeni safi kwa maski isiyovuja, alale chali, anywe maji kama ana fahamu zake, apigiwe daktari anayejua mambo ya mbizi. Asipande mlima wowote.

Mtungi wa oksijeni si kifaa cha ajabu, hata zahanati unaupata. Lakini ni mashua ngapi za vizimba zinao? Mimi nikiwa muuzaji wa vifaa vya mbizi, nisingemuuzia mwajiri mitungi kumi ya hewa bila mmoja wa oksijeni. Wauze kwa pamoja, bei moja.

#17 Kijana wa Lanet
Asanteni. @Fundi, mtungi huubeba kwa kulia. Lakini pia ni kweli tulikuwa tunavuta kamba za nanga kwa mikono yote miwili, kwa hiyo sijui.

#18 Nyar Mbita
Na chemba ya kukandamiza, ile ya kutibu aliyeumwa na mapovu ya mbizi, ukiugua hapa unapelekwa wapi? Pwani. Kwa barabara unapita Mau na Limuru, yaani unapandishwa juu ukiwa mgonjwa. Kwa ndege lazima iruke chini au iwe na presha ya ardhini. Mjomba mna bahati.

#19 Mjomba Kilifi
Dada, bahati kiasi. Chemba kuwa karibu si sawa na kuwa na nani wa kuilipia. Bima ndiyo kilio chetu sisi. Bima za wazamiaji zipo, unalipia kwa kadi kwenye mtandao, kwa mwaka mzima, kwa fedha za kigeni. Kijana anayepata kazi ya siku tatu hawezi. Nataka bima ya wiki, unalipa kwa M-Pesa, unapata ujumbe, unashuka. Bodaboda ameshaletewa vitu kama hivyo.

#20 Kapteni Usenge
Mmezungumza yote mkaacha hewa yenyewe.

Nimeona kwa macho yangu kompresa ya fundi wa tairi ikimpelekea mtu hewa chini kwa mpira wa bustani. Injini ya petroli ikiwa hapo hapo mashuani, moshi unaelea juu ya maji, upepo ukigeuka unaingia kwenye mdomo wa kompresa. Kaboni monoksidi haina harufu. Na ukiwa mita 10 chini, kiwango kile kile kinakupiga karibu mara mbili ya juu. Kijana alitoka akisema kichwa kinapasuka, midomo imebadilika rangi. Aliishi. Mwenye mashua alisema ni jua.

Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, kinaruhusu kaboni monoksidi sehemu 5 tu kwa milioni na mafuta miligramu 0.5 kwa mita ya ujazo. Nani anapima huku? Vipimo vya kaboni monoksidi vya nyumbani vipo vya bei ya chini. Vya mzamiaji, kwa kuwa vimeandikwa mbizi, bei inaruka. Nataka kipimo kidogo kilichojengewa kwenye kompresa yenyewe, kikisoma vibaya inazima. Kompresa isikubali kuwaka bila hicho.

#21 Fundi wa Kibuye
Kapteni, hapo umenifunga mdomo kuhusu spea. Hili lije kwanza. Chujio la kaboni nalo watu wanalitumia mpaka linakuwa jiwe.

#22 Baharia wa Port Victoria
Mimi nataka kiungo kimoja duniani. Nilinunua regyuleta ya DIN, ile ya kukaza kwa nyuzi ndani ya vali. Nikaitwa kazi Sio Port, mitungi yote ni ya ile clampu ya kubana. Nusu siku natafuta adapta. DIN ndiyo salama zaidi, oringi yake imefungwa ndani haipasuki kirahisi, basi wote waihamie tumalize.

#23 Mjomba Kilifi
Hawawezi. Hoteli zote za Pwani zina mitungi ya clampu, mamia kwa mamia. Nani atalipa kubadilisha vali? Vali nyingine zina kipande cha katikati unachotoa au kuweka, zinakubali zote mbili. Omba hizo.

#24 Mama wa Usoma
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mimi si mzamiaji. Nauza samaki.

Mpwa wangu alipotea ziwani mtumbwi ulipopinduka karibu na magugu. Walioshuka kumtafuta ni vijana wa ufuo, bila mtungi, pumzi zao tu, kamba kiunoni na mwenzao ameshika upande wa pili. Walishuka mpaka giza. Wenye vifaa walifika kesho yake, wakaondoka jioni. Vijana wale wa ufuo ndio waliompata, siku ya tatu. Tuliwapa nauli na chakula, hatukuwa na zaidi.

Mkiorodhesha mnayotaka kwa hao wazungu wenu wa vifaa, wawekeni hao vijana. Hawana kadi, hawana kozi, na kila ufuo unawategemea.

#25 Ouma wa Dunga
Mama, pole sana. Wawili kati yao huenda nawajua. Umesema kweli tupu.

#26 Dereva wa Homa Bay
Pole mama. Ni yale yale ya meli ya MV Bukoba iliyozama 1994, watu wanasubiri wazamiaji watoke mbali.

#27 Baharia wa Port Victoria
@Dereva wa Homa Bay MV Bukoba ni tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza. 1994 ni feri ya Mtongwe, Aprili, kule Mombasa. Na MV Nyerere ni Septemba 2018 pale Ukara. Hiyo ya Ukara ndiyo wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai siku mbili baadaye, alikuwa amejifungia chumba cha injini palipobaki hewa. Ndiyo maana saa za mwanzo zina thamani. Mzamiaji aliye ufuoni anaweza kukuta mtu. Anayetoka mbali hukuta mwili.

#28 Kijana wa Lanet
Hapa Nakuru helikopta ilipoanguka ziwani Oktoba 2017 na watu watano, utafutaji ulichukua wiki. Maji ya chumvichumvi, tope laini, huoni kitu. Hakuna kozi ya burudani inayokuandaa kwa hilo. Kozi ya kutafuta kwa kamba, bila macho, kwa mishtuo ya kamba kuwasiliana na aliye juu, ipo duniani, lakini ada yake na nauli ya mkufunzi ni mlima. Vyuo vikubwa vingeweza kuleta mkufunzi mmoja Kisumu kila mwaka, vijana wa fuo za kaunti zote tano za ziwa wakakutana. Kisumu, Siaya, Busia, Homa Bay, Migori. Na afundishe kwa Kiswahili au Kiluo.

#29 Mjomba Kilifi
Naunga mkono. Kule kwetu gari lililotumbukia Likoni Septemba 2019 lilipatikana kwenye kina cha karibu mita 58, na kikomo cha mzamiaji wa burudani ni 40. Hata Pwani hatukuwa tumejiandaa. Kwa hiyo msidhani ni ziwa tu limesahaulika.

Naweza kuomba klabu za huku zikusanye regyuleta na jaketi za zamani tuwatumie hao vijana?

#30 Fundi wa Kibuye
Mjomba moyo wako mzuri, Mungu akubariki, lakini regyuleta iliyokaa stoo miaka mingi siipendi. Mpira unakauka, unapasuka ukiwa chini. Nitaifungua na nini? Turudi kwenye spea.

#31 Nyar Mbita
Mapezi na maski hayana shida. Tuma hayo na mikanda ya uzito. Na kamba nzuri.

#32 Mhandisi wa Milimani
Naona kila mtu ana sababu yake kwa nini hatuhudumiwi. Fundi anasema maduka yanajilinda, Mjomba anasema mawakili. Mimi nasema ni bandari. Agiza regyuleta moja: usafiri, ushuru, VAT asilimia 16, wakala. Agiza mia moja, gharama inagawanyika. Hakuna anayeagiza mia moja Kisumu.

#33 Mwalimu wa Maseno
Kuna historia pia. Cousteau na Gagnan walitengeneza kifaa chao mwaka 1943 na kukijaribu Ufaransa, na mchezo wote ukakulia bahari ya Mediterania na fukwe za Marekani. Kila kitabu kimerithi bahari. Lakini si kwamba wa maziwa hawakuwahi kufikiriwa. Bühlmann, daktari wa Zurich, alifanyia kazi maziwa ya milima ya Uswisi, na hesabu zake ndizo ziko ndani ya kompyuta nyingi mnazovaa. Uswisi walikuwa na ziwa na chuo kikuu. Sisi tuna ziwa na vyuo vikuu kadhaa.

#34 Nyar Mbita
Na mimi naongeza: hatujaomba. Wavuvi wana BMU, kamati ya kusimamia ufuo, kila ufuo. Wazamiaji wa vizimba hatuna hata kundi la WhatsApp. Muuzaji ataniona vipi?

#35 Kapteni Usenge
BMU zenyewe zina matatizo yake, nyar nam. Kundi bila mwajiri kulazimishwa na sheria halifui dafu. Mwenye vizimba ndiye ananunua vifaa, si wewe.

#36 Dereva wa Homa Bay
Nje ya mada kidogo, kiboko mnafanyaje? Mimi huyo ndiye ananizuia kujifunza.

#37 Ouma wa Dunga
Unauliza wavuvi wa ufuo kabla hujashuka. Wanajua yuko wapi asubuhi hiyo. Ukiambiwa yupo, unaenda nyumbani. Hakuna kifaa cha hilo na sitaki wauze kimoja.

#38 Baharia wa Port Victoria
Na kwa Mjomba aliyeuliza tunaona nini: nje ya ghuba, upande wa Mfangano na Takawiri penye mawe, siku tulivu maji yanafunguka. Kuna samaki wadogo waitwao fulu, wa buluu na manjano, wanaozunguka mawe. Ziwa hili lilikuwa na aina kama 500 za fulu kabla mbuta hajaletwa miaka ya 1950, nyingi zimepotea. Wa kwenye mawe wengine wamebaki. Mtu wa utalii wa mbizi angekuja kuhesabu hao tu.

#39 Mjomba Kilifi
Hilo sikulijua. Nitakuja, kwa hakika. Na nitakaa siku nzima kabla ya kupanda basi.

#40 Wuod Kendu
Habari wakuu, mimi mgeni. Nilikuwa na pumu nikiwa mtoto, sasa sijatumia dawa ya kuvuta muda mrefu. Kuna kazi ya vizimba nimeahidiwa mwezi ujao. Naweza kwenda?

#41 Nesi wa Kakamega
Usiende kabla ya daktari. Karibu kila kozi ina fomu ya maswali ya afya na pumu imo. Ukijibu ndiyo, daktari lazima atie sahihi. Shida ya pumu ni hewa kunaswa kwenye mapafu unapopanda, nayo inatanuka. Omba kipimo cha kupuliza, ukiweza upimwe pia baada ya kukimbia. Mwambie daktari ni kazi ya kupanda na kushuka mara nyingi, usimwambie ni kuogelea tu. Hospitali kubwa za Kisumu wanacho kipimo hicho, piga simu kwanza uulize siku za kliniki ya kifua.

#42 Wuod Kendu
Asante dada. Na mwajiri akikataa kunipa muda wa kwenda kupimwa?

#43 Kapteni Usenge
Jina la ufuo unaopelekwa ni upi? Nitumie ujumbe pembeni, nawajua wengi wa upande huo.